Wajukuu wamelikataa jembe na mama yao amenikasirikia. Likizo iliyobaki niifanyeje?

Mwanangu mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Muheza mkoani Tanga. Mzee wangu alishatangulia mbele ya haki, na watoto wametawanyika kutafuta maisha, kwa hiyo mwaka mzima nyumba hii ni yangu na kuku wangu. Likizo hii ya mwezi wa sita binti yangu anayeishi Dar es Salaam ameniletea wajukuu wote watatu. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Wadogo zake ni wa kiume, mmoja ana miaka 9, na kitinda mimba ana 5.

Nilijiandaa vizuri kabla hawajafika. Nilimwagiza mhunzi anitengenezee vijembe viwili vidogo, nikanunua mbegu za karoti, kabichi, nyanya na pilipili hoho, na jirani akaniletea samadi ya ng'ombe mkokoteni mzima. Nikaandika ratiba na kuibandika ukutani sebuleni: kuamka saa kumi na mbili na nusu, bustanini saa moja, chai saa tatu, masomo saa nne (mama yao aliwawekea madaftari ya tuisheni kwenye begi), mchana mapumziko, jioni kumwagilia. Sisi tulilelewa hivyo, na watoto wangu niliwalea hivyo.

Mwanzoni walifurahi, wakawa wanagombea majembe. Wiki haikuisha mambo yakageuka. Binti mkubwa kila ikifika saa moja tumbo linamuuma, nikitoka tu namkuta na simu. Wa katikati kazi yake ni kufukua mbegu kila asubuhi aone kama zimeota, na chache zilizoota anazing'oa atazame mizizi. Mdogo anapenda sana maji, lakini anamwaga ndoo nzima mahali pamoja mpaka tuta linabomoka. Miche ya kabichi niliyopewa na jirani, kuku wameimaliza kwa asubuhi moja.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki. Nilimpiga picha wa katikati amebeba samadi kwenye karai, anacheka, nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp nikijua watafurahi. Mama yake akanipigia simu hapo hapo: "Mama, nimekuletea watoto wapumzike, si kuwafanya vibarua. Hiyo ni ajira ya watoto." Mashangazi wakaingia, wengine upande wangu, wengine upande wake, na kundi zima likachafuka. Tangu siku hiyo nikimwita yule mtoto bustanini ananijibu, "Mama amesema tusilime."

Zimebaki kama wiki tatu shule zifunguliwe. Niachane na bustani niwaache na simu na katuni zao? Au nishike msimamo, maana mtoto asiyejua jembe atakuja kula nini? Na huyu binti yangu nimwambie nini, bila kumvunjia heshima mbele ya wanawe wala yeye kunivunjia mimi?

Bibi wa Muheza


JIBU

Shikamoo Bibi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka nilipofika kwenye ratiba ya ukutani. Nisamehe. Lakini nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo naanzia hapo kabla ya mbegu na samadi.

Wajukuu wako wana walimu Dar es Salaam, na wana mama anayewapangia saa za kulala. Mwalimu mkuu mwingine wanaye wa nini? Kwa desturi zetu bibi kwa mjukuu ni mtani. Wewe ndiye unayeruhusiwa kumwita yule wa miaka 9 "mume wangu", kumdai mahari ya kuni na maji, kumtishia kwamba utamwacha ukaolewe na yule wa miaka 5 kwa sababu ni mchapakazi zaidi. Utani huo ndio uliowafanya wazee wetu watumwe na bibi zao kutwa nzima bila kuhisi wametumwa. Ratiba ikibandikwa ukutani, utani unatoka nyumbani. Ibandue, Bibi. Acha mambo mawili tu yenye saa: bustani asubuhi kabla ya jua kali, kwa nusu saa, na kumwagilia jioni. Mengine yajipange yenyewe.

Jambo la pili ni mbegu ulizochagua. Ni mbegu za mtu mwenye subira na mwenye kubaki Muheza. Karoti huweza kukaa ardhini hadi wiki mbili bila kuonyesha kitu, na mpaka uivute ile mizizi ni miezi mitatu hivi. Kabichi, nyanya na hoho nazo ni kitaluni kwanza, halafu kuhamishwa, halafu kungoja miezi mingine. Mtoto wa miaka 9 anayejua kwamba atapanda basi kurudi Dar mwanzoni mwa Julai amekwisha piga hesabu: hatakula hata kimoja. Kumbe mtu analima shamba ambalo mavuno yake ni ya mwingine. Hapo neno la mama yake, kibarua, linampata sawasawa, ingawa wewe hukukusudia hivyo.

Kwa wiki tatu zilizobaki pandeni mchicha, na mpande mapema, kesho au kesho kutwa. Mchicha huota ndani ya siku tatu hadi tano, na kwa hali ya hewa ya Muheza mwezi huu, wenye samadi na maji huwa tayari kung'olewa kati ya wiki ya tatu na ya nne. Tena hamtangoja mpaka siku ya mwisho. Baada ya siku kumi na kitu miche inakuwa imesongamana na lazima ipunguzwe, na ile inayopunguzwa ndiyo mboga laini kuliko zote. Kwa hiyo mlo wa kwanza kutoka kwenye matuta yao mtaupata watoto wakiwa bado wako kwako.

Mpimie kila mtoto tuta lake, mita moja kwa mbili linatosha. Lisiwe kubwa zaidi, hata wakiomba. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na mtoto akizitawanya kwa mkono atamaliza pakiti nzima kwenye kona moja. Zichanganyeni na mchanga mkavu kwenye bakuli, mchoreni mifereji isiyozidi kina cha ukucha, iachane kama shubiri moja, mnyunyize humo na kufukia kidogo sana. Juu yake mtandaze nyasi kavu mpaka zianze kuchomoza, halafu nyasi mziondoe jioni, si mchana wa jua. Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu nataka umpe binti mkubwa barua hii awasomee wadogo zake, wewe ukae kwenye kigoda.

Ndiyo, ukae. Hilo litakuwa gumu kwako kuliko palizi. Tuta likiwa la mtoto, basi ni lake hata likipinda. Akitaka kupanda duara badala ya mstari, apande duara. Akisahau kumwagilia na miche ikanyauka, usiende kumwagilia kwa siri usiku. Ataona la ndugu yake limestawi, na atajua la kufanya bila hotuba. Mboga ikiwa tayari, yeye ndiye anayeamua iliwe, iuzwe gengeni au wapelekewe majirani, na ikiuzwa hela ni yake. Usimpangie aiweke kwa ajili ya daftari.

Sasa nimtetee huyu wa katikati. Mtoto anayefukua mbegu kila asubuhi kuangalia mizizi hakuharibii, anachunguza. Kati ya wote watatu huyu ndiye mkulima wako, ila hajapewa dirisha. Chukua glasi au chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyokatwa shingo, izungushie kwa ndani karatasi laini ya chooni iliyokunjwa mara kadhaa, katikati jaza pamba au matambara, lowesha, kisha mpachike punje za kunde au maharage kati ya karatasi na ukuta wa chupa. Muiweke jikoni. Kila siku ataona mzizi ukitoka na kuelekea chini, na shina likifuata kwenda juu. Mwambie ageuze chupa ilale ubavu, aone mzizi unavyokata kona kuitafuta chini. Matuta yatapona.

Mdogo wa miaka 5 mpe kunde. Punje yake ni kubwa, vidole vyake vinaishika, na huota haraka kiasi kwamba hatasahau alichopanda. Majani machanga ya kunde ni mboga ndani ya mwezi huo huo, na nyie watu wa Tanga sina haja ya kuwafundisha kuyapika. Ndoo mnyang'anye. Toboa matundu kwa msumari kwenye kitako cha kopo la maziwa, mpe hilo, achote kwenye beseni fupi lililo mbele ya macho yako. Mtoto wa umri ule huweza kuzama hata kwenye ndoo, kwa hiyo kama una kisima au pipa, mfuniko usikae wazi hata dakika moja.

Kuhusu kuku, hakuna ushauri wa saikolojia. Matuta yazungushiwe makuti au wavu kabla mbegu haijaingia ardhini, na kwa wiki ya kwanza mlaze matawi ya miiba juu yake. Kujenga huo uzio ni kazi wavulana watakayoipenda kuliko kulima, maana ina nyundo.

Samadi ya jirani iangalie. Kama bado inatoa moto ukiingiza mkono, au bado inanuka mkojo, haijaiva na itaunguza miche. Ilundike kivulini, uifunike, utumie ile ya chini iliyokwisha kuwa nyeusi na kumomonyoka kama udongo. Wadudu wakija, usimwache mtoto yeyote ashike dawa ya dukani, wala awe karibu unapopuliza. Kwa mchicha wa wiki tatu hamna haja ya dawa. Vidukari vinasuguliwa kwa vidole na maji, na vikizidi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, pamoja na sabuni kidogo, yanatosha.

Nije kwa binti yako, na hapa Bibi univumilie. Ile picha nimeifikiria kama mama aliyeko ofisini Dar anavyoiona. Hukusema mtoto alikuwa amevaa nini miguuni. Kama alikuwa peku, mama yake ana haki ya kupiga simu. Minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, funza nao hawahitaji mwaliko, na msumari wenye samadi ni njia ya pepopunda. Wanunulie mabuti ya mpira, au raba zao kuukuu zifungwe vizuri. Kandambili hazitoshi. Samadi ibebwe na mtu mzima, watoto waichanganye tu kwa vijembe, na baada ya hapo mikono kwa sabuni kabla ya kushika chungwa. Kwenye nyasi ndefu wasiingie mpaka zifyekwe, nyoka hawana likizo.

Lakini kwenye neno "ajira ya watoto" binti yako amezidisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto jambo linaloweza kudhuru afya yake, elimu yake au makuzi yake. Nusu saa kwenye tuta lake mwenyewe, amevaa viatu, akiwa na hiari ya kukataa, haifanani na hayo. Kuamshwa saa kumi na mbili na nusu kila siku ya likizo alime kabla ya chai, hapo naona wakili wake angepata cha kusema.

Usimjibu kwenye kundi. Wala usimtumie ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti wa mzazi aliyeumia hautoki mzuri. Mpigie usiku watoto wakiwa wamelala, yeye akiwa amepumzika. Anza na ambalo yuko sahihi: mwambie umenunua viatu na samadi hawabebi tena. Kisha umwambie ambalo hukulifurahia, kwamba alilisema mbele ya ukoo mzima na sasa wanawe wanakurudishia maneno yake. Muombe jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe awaambie watoto kuwa bustani ya Bibi ameikubali na hawalazimishwi. Na ukishamwambia hawalazimishwi, iwe kweli.

Hapo ndipo anapoingia yule wa miaka 13. Huyo mwache. Tumbo la saa moja asubuhi ni adabu yake ya kukwambia "sitaki" bila kukukosea heshima, nawe uipokee kwa adabu hiyo hiyo. Tuta lake pima, libaki tupu, akilitaka atalichukua. Ila usimwachie simu kutwa. Mpe kazi za simu. Yeye ndiye awe mpiga picha wa matuta ya wadogo zake, awe anamtumia mama yao jioni, na awe mtunza hesabu wa mauzo ya gengeni kwa kamisheni anayokubaliana nao mwenyewe. Watagombana juu ya kamisheni. Waache wagombane.

Na bado kuna jiko. Nashangaa barua nzima ya bibi wa Tanga haikutaja nazi hata mara moja! Wakalishe wote kwa zamu juu ya mbuzi, wakune, wakamue tui la kwanza na la pili, mchicha uliopunguzwa uingie humo pamoja na nyanya za sokoni. Wavulana nao washike mwiko. Mkate wa kumimina ni wa binti mkubwa akipenda, kwa sababu ni mgumu vya kutosha kumpa sifa mbele ya mashangazi. Usiku, umeme ukiwepo au usipokuwepo, mtege vitendawili. "Kuku wangu katagia mibani" waliwahi kukisoma darasani, lakini sidhani kama walishawahi kuliona nanasi likiwa katikati ya miiba yake. Kama jirani ana shamba, wapeleke wakalione.

Msimu huu machungwa yenu yako kila mahali, kwa hiyo siku ya soko nendeni nao waone yanavyohesabiwa na kupakiwa kwenye malori. Na kama goti na nauli vinaruhusu, muende Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, siku moja, barabara yake inaanzia hapo hapo mjini kwenu. Uliza kwanza kiingilio na usafiri wa kurudi. Kuna miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia tangu Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Wasimulie pia ua dogo la zambarau la Usambara. Mtawala mmoja wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani, mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kwa ajili yao, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, wengi wanaolimwagilia wakiwa hawajui lilitoka milima ipi. Wa katikati atataka kujua lilisafirije bila kufa, na hapo mazungumzo yatafika mbali.

Madaftari ya tuisheni yafunguliwe, kwa kuwa mama yao ameomba, saa moja kwa siku, kisha yafungwe. Ila tafadhali usiwahesabishe miche kwa ajili ya hesabu wala usiwaandikishe insha ya "Bustani ya Bibi". Watoto huinusa shule kutoka mbali.

Zile mbegu zako za nyanya na hoho hazijapotea. Zisie mwenyewe kitaluni, uwatumie picha mpaka zizae, na Desemba wakirudi watakuta zamu nyingine.

Jambo la mwisho ni la Dar. Mama yao anapokuja kuwachukua mwambie aje na magunia mawili matupu ya mkaa au ya mchele. Katikati ya kila gunia husimamishwa kopo refu lisilo na kitako, likajazwa kokoto, pembeni yake udongo sehemu mbili na samadi iliyoiva sehemu moja, na kopo linavutwa juu kadiri gunia linavyojaa, ili ibaki nguzo ya kokoto ya kupitishia maji. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu huchomekwa kipande cha mtembele chenye pingili tatu au nne. Hata uwanja wa saruji unafaa, mradi kuna jua. Vipando wakate wenyewe asubuhi ya safari, wavifunge kwenye kitambaa kibichi, na samadi uwapimie wewe kwenye kiroba kilichofungwa vizuri, maana kondakta akiisikia harufu atawashusha Segera.